Noti Zilizogongwa Muhuri wa Msiba

Mimi kukaa sijui. Mpaka leo nimestaafu, nikialikwa mahali nikapewa kiti, nusu saa haijaisha nimeshasimama mara tatu, nimechungulia dirishani, nimeuliza choo kiko wapi na wala sina haja. Wanangu wamenizoea. Lakini mwaka ninaotaka kuusimulia, kukaa ndiyo kazi pekee niliyopewa, na ikanishinda.

Mwaka wenyewe sitautaja nisije nikakosea. Zilikuwa enzi zile vita vimeisha, sabuni inagawiwa kipande kwa kipande, na sukari huipati bila barua ya balozi wa nyumba kumi. Tuliishi upande wa juu wa Karatu, mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo nyati akishamaliza mahindi yako anakutazama kama wewe ndiye mgeni. Nilikuwa binti mkubwa, wa pekee aliyebaki nyumbani. Baba yangu alikuwa amefariki wiki tano tu zilizopita.

Kwetu Wairaqw mauti ikiingia nyumbani, nyumba hujitenga. Tunaita metimani. Wafiwa hawatoki nje ya ua, hawashiki mtu mkono, ng'ombe wao hawachanganywi na ng'ombe wa wengine, na kitu cha nyumba ile hakiendi kwa jirani, iwe chumvi, iwe kaa la moto. Si adhabu. Ni kwamba msiba unaweza kumfuata mtu, kwa hiyo unakaa nao wewe mpaka uchoke, kisha wazee wanakuja kukutoa. Padri alishahubiri kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu waliitikia Amina, wakarudi nyumbani, na kila aliyefiwa akakaa metimani kama kawaida.

Yetu ilipangiwa miezi miwili. Zilibaki wiki tatu, na wiki moja baada ya hapo nilitakiwa niwe nimeripoti chuo cha uuguzi. Barua ya kuchaguliwa nilikuwa nayo, nimeikunja na kuikunjua mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Chuo kilitaka godoro, sanduku la bati, viatu vyeusi, na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde kwa ajili ya kupima mapigo ya moyo. Saa peke yake ilikuwa bei ya mbuzi wawili. Baba alipoona ugonjwa wake hauna dalili ya kuondoka, aliuza maksai wake wa kulimia, wote wawili, akaweka fedha kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akaufukia chini ya mahali walipolala ndama. Aliniambia mbele ya mama, "Hizi ni za saa na nauli. Usije ukaacha kwenda kwa sababu yangu." Wiki iliyofuata akafariki.

Sasa basi, Jumanne moja jirani yetu wa upande wa bonde akaja mpaka kwenye ua wetu wa minyaa, akasimama mbali kama inavyotakiwa, akapaza sauti. Redio imetangaza. Noti za mia na za ishirini zinabadilishwa. Watu wa benki wameweka meza Karatu, pale kwenye jengo la mahakama, na mwisho ni Jumamosi mchana. Baada ya hapo noti ya zamani ni karatasi ya kuwashia moto. Alipomaliza akaongeza, "Poleni," akaondoka haraka.

Mimi nilishasimama kabla hajafika kwenye neno benki. Fedha zote za mkebe ule zilikuwa noti za mia.

Mama alikuwa anapembua maharage. Hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Aayo, umesikia?" Aayo ndiyo mama kwa lugha yetu. Akasema amesikia, hana uziwi. Nikamwambia kesho alfajiri nakwenda Karatu. Akasema, "Unakwenda wapi na metimani ya baba yako?" Akaendelea na maharage yake.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilizunguka ule ua siku nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifagia mahali nilipokwishafagia. Kutoka kwetu unaisikia barabara ya kwenda lango la hifadhi, na siku zile malori ya vitunguu ya Mang'ola yalikuwa yanapita bila vitunguu, yamejaa watu walioshika mifuko vifuani. Kila lori likipita nilihisi ni mimi ninayeachwa. Nchi nzima ilikuwa inakimbia na fedha mkononi, sisi tunapembua maharage.

Jumatano akaja baba mdogo, mdogo wake marehemu, pamoja na katibu wa kijiji chetu. Katibu alikuwa mtu mwema, mwenye haraka ya kusaidia na asiyependa kusema sijui. Akasimama nje ya ua akatueleza kwamba amelifikiria jambo letu. Nyumba iliyoko msibani haiwezi kunyimwa haki yake. Yeye atazigonga noti zetu muhuri wa kijiji na kuandika kwamba mwenye nazo alikuwa msibani, na siku tutakapotoka benki itazipokea. Alikwishafanya hivyo kwa nyumba nyingine mbili za metimani, na kwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga. Alisema nchi nyingine ndivyo zinavyofanya, noti ya zamani inagongwa chapa juu inaendelea kutumika mpaka mpya zitoshe. Nani alimwambia sijui.

Mama alifurahi. Hilo ndilo lililoniuma. Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akaufukua mkebe, akanipa furushi la juu na kusema, "Hizi tu. Za chini acha." Nikachungulia nikaona kuna kifundo kingine cha kitambaa, kimefungwa kwa kamba ya katani. Nikafikiri ni akiba yake, na akina mama wa kwetu akiba yao huulizi.

Tulifanya kazi ile kwa utaratibu wa ajabu. Palikuwa na jiwe bapa langoni. Mimi natandaza noti juu ya jiwe, narudi hatua tano. Katibu anakuja, anagonga muhuri, anaandika kwa kalamu MSIBANI, anarudi hatua tano. Nakwenda naichukua, natandaza nyingine. Baba mdogo amesimama kando ameshika pedi ya wino. Kila baada ya noti moja katibu alikuwa anaufuta muhuri kwenye majani, msiba usije ukamfuata mpaka ofisini. Wino ulikuwa wa zambarau. Uso wa Rais ukawa nusu Rais, nusu kijiji chetu.

Walipoondoka mama akazirudisha noti mkebeni, akasema, "Umeona? Mambo yana njia zake." Lakini roho yangu ilikataa kabisa. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na sijawahi kuona benki inaogopa muhuri wa kijiji.

Alhamisi nikabishana naye. Ijumaa nikabishana naye tena, safari hii nikalia. Nilimwambia baba mwenyewe ndiye aliyesema nisiache kwenda kwa sababu yake. Akanikata jicho. "Baba yako alisema uende chuo. Hakusema uvuke metimani yake." Nikamwambia mwanamke hawezi kupima mapigo ya moyo kwa muhuri wa kijiji. Aliniangalia muda mrefu, na nikadhani atanipiga, ingawa nilikuwa mkubwa. Akasema tu, "Kaa chini, mwanangu. Unanichosha hata mimi niliyekaa."

Jumamosi asubuhi, alipoingia kukamua, niliuchukua mkebe mzima. Nasema mzima kwa sababu sikufungua kuchagua, nilikuwa na haraka. Nikaufunga kwenye khanga mgongoni kama mtoto, nikapita nyuma ya ua kwenye pengo la minyaa, nikashika njia. Miguu ilikuwa imeniwasha wiki tano, sasa ilipata barabara. Nitasema ukweli hata kama si mzuri: nilisikia raha. Nilitembea karibu mbio mpaka Karatu, na kwa mwendo ule sikumkumbuka baba hata mara moja.

Foleni pale mahakamani ilizunguka jengo na kurudi. Wachuuzi wa vitunguu walikuwa na magunia madogo. Wazee wa Kimaasai walioshuka kwa miguu kutoka Nainokanoka walikuwa wamefunga noti zao kwenye ngozi, na zilinuka samli. Mgambo alipita na fimbo akipanga watu. Nikashika nafasi yangu mwisho kabisa, jua likiwa limeshapanda, nikaanza kuhesabu vichwa nikaona sitafika kabla ya kufungwa.

Mama mmoja wa kijiji chetu alikuwa mbele yangu kidogo. Akageuka akaniona. Akamnong'oneza wa jirani yake kwa Kiiraqw, na yule akageuka. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenifukuza. Walisogea tu. Mmoja akatoka kando kama anayefunga kamba ya kiatu, mwingine akakumbuka ana mtu wa kuonana naye, na mbele yangu pakafunguka uwazi. Nikapiga hatua kuujaza. Wakasogea tena. Kwa namna hiyo nilipita nusu ya foleni bila kusema samahani hata mara moja, na kila hatua uso uliniwaka kwa aibu. Nilijua vizuri ninachokifanya. Kila niliyempita nilikuwa nimembebea msiba wetu, nikausogeza karibu na watoto wake, na yeye kwa adabu ananipisha.

Mzee mmoja wa Kimaasai hakusogea. Aliona nafasi imefunguka, akanifuata nyuma kwa nyuma, amefurahi. Tulipokaribia mlangoni akaniuliza, "Binti, kwani una ugonjwa gani?"

"Sina ugonjwa, mzee. Nina msiba."

"Nani?"

"Baba."

Akafikiri. "Pole. Na msiba wenu unapisha watu foleni?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi twende," akasema, "nisije nikaachwa." Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, nikajifuta kwa khanga. Mzee wa watu akatazama pembeni mpaka nikamaliza.

Karani alikuwa kijana wa pwani, shati jeupe, amechoka. Nikamwekea furushi la juu. Akaitazama noti ya kwanza, akaigeuza, akaichukua ya pili. "Dada, nani amezichafua hizi?"

Nikamweleza. Msiba, metimani, katibu, jiwe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Akamwita mkubwa wake, mtu mzima mwenye miwani. Yule akazishika moja moja juu mwangani, akasoma lile neno MSIBANI kwa sauti. Mwisho akasema, "Una bahati umekuja leo. Leo bado ni noti, zimechafuliwa lakini ni noti. Jumatatu zingekuwa karatasi, na huo muhuri usingekusaidia kitu. Wapo wengine waliogongewa?"

Nikasema wapo. Nyumba mbili na bibi mwenye nyonga. Akatikisa kichwa akasema niwaambie wakimbie. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu, na kwetu ni mwendo wa saa mbili. Hilo nalo sijalisahau.

Karani akaniuliza kama zimekwisha. Nikakumbuka kile kifundo cha chini. Nikasema, akiba ya mama nayo isife, nikakata kamba kwa meno, nikamwagia mezani.

Karani akazigeuza moja moja. Halafu akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Dada, hizi zilikufa zamani. Wewe hata shule ulikuwa hujaanza."

Zilikuwa zile noti za Afrika Mashariki, za kabla ya shilingi yetu, zenye picha ya malkia. Ishirini ishirini, zimelainika kama kitambaa. Na juu ya kila moja, pembeni, palikuwa na muhuri. Wino umekuwa wa kahawia, lakini duara linaonekana, na ndani ya duara mtu ameandika kwa mkono neno lile lile.

Nilizikusanya zote, noti mpya alizonipa mfuko mmoja, makaratasi ya zamani mfuko mwingine. Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka yule mzee wa Kimaasai akinishika bega, mkono kamili, mtu wa kwanza kunigusa baada ya wiki tano, akisema, "Nenda kwa mama yako."

Mwaka huo wa noti za zamani ninaukumbuka kwa mguu, si kwa akili. Nilikuwa mdogo. Mdogo wangu wa kiume alifariki kwa homa, na sisi tukafungiwa ndani ya ua. Nilikuwa nawaona watoto wenzangu wakipita kwenda bondeni, nikasimama kwenye pengo la minyaa nikapiga kelele niachiwe. Baba alikuwa ananibeba mabegani tunazunguka ua, raundi na raundi, mpaka nilale. Sikujua wakati ule kwamba nje ya ua fedha zilikuwa zinabadilishwa.

Mama alikuwa amekaa mahali pale pale. Maharage yalikwisha, alikuwa anapembua mawe matupu, nadhani. Nikaziweka noti zote mbele yake, mpya na za malkia. Nikamuuliza kwa hasira, maana hasira ndiyo niliyokuwa nayo karibu, "Ulijua? Ulijua kwamba muhuri haufanyi kazi?"

"Nilijua."

"Na ukafurahi katibu alipokuja!"

"Nilifurahi kwa sababu utakaa." Akaigusa noti moja ya malkia kwa kidole. "Baba yako aliuza ndama ampeleke mtoto hospitali ya Endulen. Fedha ilifika asubuhi, mtoto alikuwa ameshakwenda usiku. Halafu likaja hilo tangazo. Watu walimwambia toka mara moja tu, urudi, nani atakuona? Akasema hawezi kumwacha mtoto peke yake kwa ajili ya fedha ambayo haikumwokoa. Akagongewa muhuri, akakaa. Tulipotoka benki ikamcheka. Hakuniambia neno. Alizifunga akazifukia. Nilitaka na yeye tumkalie, kama alivyomkalia mtoto. Ulitaka nikuambie nini? Kwamba saa ni bora kuliko baba yako?"

Nilikaa chini, kwa mara ya kwanza bila kuambiwa.

Wazee walikuja Jumatatu, wakasimama nje ya ua pamoja na baba mdogo. Habari zilishafika. Hawakugomba. Walisema metimani imevukwa, kwa hiyo siku zinaanza upya, miezi miwili kamili, kwa wote wa nyumba ile. Nikapiga hesabu. Chuo kingefunguliwa, kingefunga mlango, na nafasi yangu angepewa mwingine. Noti mpya zilikuwa kwenye mkebe, safi, na zisingenifikisha popote. Nilistahili, na nililijua hilo, na bado nilitaka kupiga mayowe.

Mama akasimama. Akawauliza wazee kama mtu mmoja anaweza kukaa siku za wawili. Wakatazamana. Jambo hilo hawakuwahi kuulizwa. Wakaenda kando wakazungumza muda mrefu, wakarudi, mkubwa wao akasema anaweza, lakini atakaa miezi minne.

"Nitakaa," mama akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kuongezewa kikombe cha uji.

Nilimkatalia. Nilimwambia nitakaa mwenyewe, chuo potelea mbali. Akaniambia, "Wewe? Wewe hujui kukaa, mwanangu. Utavuka tena nianze upya mara ya tatu. Nenda."

Nilikwenda. Siku ya kuondoka wazee walininawisha kwa maji na majani, nikavuka lango, na tangu hapo nikawa mtu wa nje. Yeye akawa wa ndani. Nauli aliiweka juu ya lile jiwe bapa, akarudi hatua tano. Nikaichukua. Hatukushikana mkono. Alisimama ndani ya minyaa, mikono ameificha kwenye khanga, na nilipofika kwenye kona nikageuka bado alikuwa pale. Zile nyumba mbili zilipoteza fedha zao. Bibi wa nyonga alipoteza zake pia, na mama akaniambia baadaye kwamba katibu alimpa mbuzi wake mwenyewe mmoja na hakuwahi kulizungumzia tena.

Nilinunua saa. Nilipima mapigo ya watu miaka thelathini. Miezi minne ile mama alilisha ng'ombe ndani ya ua kwa majani ya kukata, alikosa Krismasi, alikosa harusi ya dada yake, alikula bila chumvi ilipomwishia kwa sababu kuazima haruhusiwi. Mvua za masika zilianza ndipo wakamtoa.

Barua ilinikuta wodini. Ameiandika katibu, kwa mwandiko wake wa ofisini, na chini ameigonga muhuri. Ilisema mama ametoka salama, ameoga, amekwenda sokoni kwa miguu yake, amenunua chumvi na kumpelekea kila jirani. Ilisema ng'ombe amezaa. Mstari wa mwisho ulikuwa maneno ya mama mwenyewe, katibu ameyanukuu kama yalivyo: mama anauliza, umeshatulia?

Nilikuwa nimeisoma nikiwa nimesimama.